Mguu wa Tatu wa Ndege wa Njano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Zimebaki siku tano. Jumamosi saa nane mchana, ukumbi mdogo wa maktaba, klabu yetu ya filamu inachagua Mchambuzi Mkuu. Nimegombea mara mbili. Nimeshindwa mara mbili. Safari hii, thubutu!

Wagombea ni wawili. Mimi, karani wa idara ya maji, mtu wa kuchimba mambo. Na Bwana Skafu, mtengeneza meno ya bandia, ambaye huvaa skafu ya sufu hata jua likiwa la utosi, na ambaye mwaka jana alinishinda kwa kusema neno "mwanga" mara kumi na nne. Nilihesabu.

Mkutubi, mwenyekiti wetu, ametangaza mtihani leo. Kila mgombea atapewa dakika kumi kuchambua majina ya mwanzo ya filamu ya katuni iitwayo Kiota Kinachohama. Filamu yenyewe haimo. Majina tu! Zile dakika mbili na nusu ambazo watu wengine bado wanatafuta viti na kukanyagana. Ndege wa njano anatembea juu ya tawi, majina ya watengenezaji yanachomoza katikati ya majani, upepo unayapeperusha, basi. Nimefurahi kupita kiasi. Filamu nzima kila mtu anaweza kuisemea. Majina yanataka mtaalamu.

Nyumbani habari si nzuri. Mama mkwe amefika na masanduku mawili. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Rangi anaziona, herufi hazioni. Atafanyiwa upasuaji mwisho wa mwezi na baada ya hapo atakaa nasi moja kwa moja. Kwa sasa analala kwenye kochi la sebuleni. Mke wangu ameitazama ofisi yangu, yaani kile chumba cha nyuma chenye kanda zangu, majarida yangu ya sinema na kiti changu cha kuzunguka, akasema mama yake hawezi kuzeekea kwenye kochi. Tukajadiliana. Yeye akajadili, mimi nikakubali. Nikishinda Jumamosi, chumba kinabaki ofisi na sebule tutaigawa kwa pazia. Nikishindwa, chumba ni cha Mama, na makaratasi yangu yatajua pa kwenda.

Kwa hiyo hapa hatugombei cheo tu. Tunagombea chumba chenye dirisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ushindi uko mfukoni!

Nimetoka kazini mapema kwa kusingizia tumbo. Nimejifungia ofisini na kuyatazama yale majina picha moja baada ya nyingine. Kila sekunde moja ina picha ishirini na nne, na binadamu wa kawaida haoni hata moja. Mimi nimeziona zote. Kwenye picha ya elfu moja mia saba ishirini na nane, ndege wa njano ana miguu mitatu.

Nilihesabu tena. Nikahesabu kwa kidole. Nikaondoka, nikanywa maji, nikarudi ghafla kama mtu anayemvizia mwizi. Mitatu! Picha inayofuata, miwili. Picha iliyotangulia, miwili. Sasa hilo si jambo la bahati. Mguu wa kwanza ni jana. Wa pili ni leo. Wa tatu ni kesho, ndiyo maana hauonekani ila kwa mtu makini. Nikaandika kurasa nne bila kuinua kalamu.

Majina pia nimeyakariri, yote arobaini na moja, kuanzia mtayarishaji hadi mpiga zumari. Bwana Skafu hawezi kutaja hata matatu.

Mama mkwe alikuja akipapasa ukuta, akabisha, akauliza ninatazama nini kimya kimya hivyo. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, Mama. Akauliza kama yana muziki. Nikamweleza kwamba sauti nimeizima, kwa sababu muziki huhonga macho. Akacheka kidogo, akasema kazini kwao walikuwa na taa chini ya meza, wakiinama juu yake kutwa nzima, ndiyo iliyoanza kumuumiza macho. Nikampa pole. Alifanya kazi mahali fulani zamani, kiwanda au ofisi, mke wangu amenieleza mara nyingi, imenitoka. Alitaka kuendelea lakini nilikuwa bado sijamaliza kukariri wapiga fidla. Nikafunga mlango taratibu, kwa heshima zote.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya misukosuko.

Wazo lilikuwa zuri. Watu huamini wanachokishika mkononi. Nikaamua kuchapisha picha ya ndege kwa rangi, nakala themanini, nigawie ukumbi mzima. Mashine ya rangi tunayo pale idarani. Foleni ya wateja ilifika mlangoni, wote wanataka fomu za kuunganishiwa maji. Nikawaambia mtandao unasumbua. Nikabonyeza.

Nakala ya sitini na tatu, wino mweusi ukaisha. Mashine, bila kuniuliza, ikaendelea kwa njano. Fomu za wateja nazo zikatoka njano, hazisomeki, na katikati ya fomu za mzee mmoja aliyestaafu akajipenyeza ndege. Mzee alirudi na ndege wake mpaka kwa bosi. Akauliza kama hii ni sehemu ya maombi na anatakiwa asaini wapi.

Bosi akaniita. Akaiweka karatasi mezani, akaniuliza hiki ni nini. Ulimi ukanitangulia. Nikasema ni ramani mpya ya mabomba. Akaitazama muda mrefu sana. Akauliza ni eneo gani. Nikagusa mdomo wa ndege, nikasema kaskazini. Akauliza mbona mabomba matatu yanatoka sehemu moja. Hata yeye ameiona! Nikasema hilo ndilo tatizo lenyewe, bosi. Akaniambia nimefanya kazi nzuri kuligundua na kwamba atatuma mafundi wakalikague.

Nimetoka na nakala zangu zilizobaki. Nimejipa moyo kwamba mafundi hupenda kupunga upepo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Afadhali nisingeamka.

Nilitaka kujua adui amejiandaaje. Nikaenda kwenye karakana ya Bwana Skafu nikijifanya nataka jino la pembeni. Rafu zote zimejaa meno. Yanakutazama, ila hayana macho. Akanipokea kwa bashasha iliyonitia shaka, akanikalisha, akajaza kijisahani cha chuma kwa ule ujiuji wa waridi wa kuchukulia chapa ya meno, akanisukumizia mdomoni na kuniambia nisitikisike wala nisiseme kwa dakika nne.

Dakika ya kwanza, mkoba wangu ukaanguka. Nakala moja ikatoka ikateleza mpaka kwenye kiatu chake.

Akaiokota. Akavaa miwani. Akauliza kwa upole mbona ndege huyu ana miguu mitatu. Nikatikisa kichwa. Akauliza hii si ile katuni ya Jumamosi? Nikatikisa zaidi. Akauliza kama hilo ndilo nitakaloongelea. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote, ujiuji ukanishuka kooni, machozi yakanitoka, na yeye akanipigapiga mgongoni kama mtu na ndugu yake. Akasema alikuwa amekusudia kuongelea mwanga, lakini sasa ameona kuna jambo zito zaidi. Akanishukuru! Alinishukuru huku mimi nimefumbwa mdomo kwa mali yake mwenyewe.

Chapa ikaharibika. Kwa mujibu wake nina meno kumi na tisa juu peke yake. Ameniambia nirudi wiki ijayo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeamka na akili mpya. Hoja inaweza kuibwa. Kura haiibiki.

Nimefungua katiba ya klabu. Ukurasa wa kwanza unasema mtu yeyote atakayejaza fomu ya uanachama kabla ya mkutano kufunguliwa ana haki zote za mwanachama. Haki zote! Sikuona sababu ya kuendelea na ukurasa wa pili. Nimekusanya watu. Fundi viatu wa kona na wenzake watano wanaocheza bao kibandani kwake. Msusi wa mtaani na wateja wake wanne, mmoja akiwa amesukwa nusu kichwa. Mke wangu. Na Mama mkwe, kwa sababu mkono ni mkono.

Maelekezo ni mepesi. Nikikohoa mara mbili, inueni mikono. Fundi viatu ameuliza kama atainua wa kulia au wa kushoto. Msusi ameuliza kama kuna viburudisho. Mke wangu amesema yeye atapiga kura kwa anachokisikia, hapigi kura kwa kikohozi. Sikubishana naye, tuko kwenye kampeni.

Mama amefurahi kuliko wote. Amesema tangu afike hakuna aliyemtoa nje. Akaniuliza tunakwenda kutazama nini. Nikamwambia ni katuni tu, mambo ya ndege ndege, hayatamchosha. Akauliza katuni gani. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya kwenda kumfuata msusi, nikamwambia ataona huko huko. Ndipo nikakumbuka kwamba haoni. Nikaomba radhi.

Kazini wanasema mafundi wawili wako kaskazini tangu jana. Wanachimba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika jioni hii hii, kabla mke wangu hajanisimulia upya kwa namna yake.

Ukumbi ulijaa. Watu wangu walikaa mstari wa nyuma, Mama pembeni kwenye kiti chenye mikono. Mkutubi akazima taa, akaonyesha yale majina kwa sauti yote. Ni mara yangu ya kwanza kuusikia ule muziki. Ni filimbi tu na ngoma ndogo. Nilipogeuka kuwakagua wapiga kura wangu, nilimwona Mama amekaa wima, kidole chake cha shahada kinacheza juu ya goti. Kinashuka, kinapanda, kinakunja kona. Nikadhani ni baridi. Nikamwambia mke wangu amfunike kwa mtandio.

Bwana Skafu akaanza. Akatangaza kwamba amegundua, kwa macho yake mwenyewe, mguu wa tatu! Akasema mguu ule ni upweke wa msanii. Upweke, akasema, ni aina ya mwanga. Mara tisa.

Zamu yangu. Nikagawa nakala karibu themanini kwa watu thelathini. Nikayataja majina yote arobaini na moja bila karatasi, nikamaliza dakika saba, fundi viatu akapiga makofi mwenyewe. Zilizobaki nikamponda Bwana Skafu. Nikasema mguu ni kesho. Nikasema msanii mkubwa haweki mguu bila kukusudia. Nikasema aliyeuchora mguu ule alitumia usiku na mchana kuufikiria.

Mkutubi akauliza kama kuna swali. Mkono ukainuka nyuma. Wa Mama! Na mimi sijakohoa.

Akasimama akishika kiti cha mbele yake. Akasema huo mguu ni kosa lake.

Watu wakageuka. Akaeleza bila haraka. Kila hatua ya ndege, akasema, ilichorwa kwenye karatasi yake ya plastiki, ile inayopitisha mwanga, na rangi ikapakwa upande wa nyuma ili mistari isifunikwe. Kiwiliwili karatasi yake, miguu karatasi yake. Zinapangwa moja juu ya nyingine chini ya kamera, inapigwa picha moja, zinatolewa, zinawekwa nyingine. Kazi ya kupanga ilikuwa yake. Siku hiyo ana mafua, pua inachuruzika, amevaa glovu zilizokatwa vidole viwili. Akatoa kiwiliwili cha zamani, akaweka kiwiliwili kipya na miguu mipya, akaisahau karatasi ya miguu ya zamani chini yake. Mguu mmoja ukaangukia sawasawa na mpya, mwingine ukabaki nje. Kamera haina huruma, ikapiga. Walipogundua, filamu ilikuwa imeshasafishwa. Alichekwa wiki nzima.

Bwana Skafu anaifungua skafu yake taratibu. Mimi nikaona chumba kinanitoka, dirisha na yote. Nikasimama. Nikasema, kwa heshima zote, Mama, nimeyakariri majina yote ya filamu ile na jina lako halimo.

"Halimo, mwanangu," akasema. "Sisi wa rangi hatukuandikwa. Lakini hayo arobaini na moja uliyoyataja niliyaandika mimi, kwa brashi, herufi moja moja. Nilipewa orodha. Nikalitafuta langu mpaka chini, halikuwemo, nikaendelea kuandika."

Niliona aibu. Nakiri. Ilinishika vizuri, kama dakika nzima. Mke wangu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba amenieleza kazi ya mama yake tangu wiki tuliyooana. Mkutubi alikwenda mwenyewe kumshika Mama mkono na kumleta mbele. Akaongea dakika arobaini. Hakuna aliyetazama saa. Hata Bwana Skafu aliuliza swali, na halikuwa la mwanga.

Kisha msusi akasoma ukurasa wa pili wa katiba. Mwanachama yeyote anaweza kupendekezwa pale pale. Akampendekeza Mama.

Mkutubi akaita kura za Mama kwanza. Hapo nikapaliwa na mate. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Watu wangu wote wakainua mikono, fundi viatu miwili.

Mama, ishirini na saba. Bwana Skafu, mbili, yake na ya dada yake. Mimi, moja.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kuhama. Makasha kumi na mawili. Matano yako uvunguni mwa kitanda, manne kwenye korido, mawili juu ya kabati, moja bafuni. Kiti cha kuzunguka kimebaki chumbani, mke wangu amesema kinaufaa mgongo wa mchambuzi mkuu. Alisema hivyo mbele yangu.

Mama aliniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Nimeumia sana. Akasema chumba kile si cha kufungiwa, niingie wakati wowote, tutazame pamoja. Yeye atanieleza anachokumbuka, mimi nimweleze kinachoonekana, kwa sababu tangu siku ile ya kamera hajawahi kukiona vizuri. Nikamjibu nitaangalia ratiba yangu. Mke wangu alikuwa anakunja shuka. Aliacha kuikunja, akanitazama, akaendelea kukunja.

Siwezi kusema uongo kwenye shajara. Ratiba yangu iko wazi.

Lakini nimelifikiria jambo hili kwa kina nikiwa nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Mama anasema mguu ni kosa. Sawa. Lakini anajuaje? Mtu aliye na mafua hawezi kuwa shahidi wa alichokusudia. Inawezekana kabisa kwamba alikusudia kesho bila mwenyewe kujua. Nilimweleza hivyo wakati wa chai. Akasema inawezekana, akaniomba sukari.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Furaha imerudi nyumbani! Mkutubi amebandika tangazo. Mchambuzi Mkuu anahitaji Naibu, wa kumsomea na kumsaidia. Uchaguzi ni mwezi ujao. Mtihani ni majina ya mwisho ya filamu ile ile. Nimeshachukua fomu. Bwana Skafu naye amechukua. Safari hii simsogelei wala simfungulii mdomo.

Mke wangu amenishauri nimuulize Mama. Amesema hata mtoto mdogo angemuuliza. Nimekataa katakata. Aliyeifanya kazi hawezi kuwa huru juu ya kazi hiyo, atanivuruga. Nataka kuyaona majina kwa macho safi, yangu mwenyewe.

Basi tangu saa kumi niko bafuni, kompyuta juu ya kasha, sauti nimezima. Na nimepata kitu! Picha ya mwisho kabisa, kabla ya giza. Ndege ameruka, tawi tupu, chini ya mti kuna majani. Ukiyatazama haraka ni majani. Ukikaribia, yamejipinda kwa namna ya pekee, kwa brashi nyembamba mno, na kwa bahati ya kushangaza mapindo hayo yanafanana na jina la Mama mkwe wangu. Herufi zote, tena kwa mpangilio wake. Mtu wa juu juu angebabaika hapo, akaanza kuunga mambo yasiyohusiana. Mimi nimetulia. Nimeandika kurasa sita kuthibitisha kwamba majani yale ni upepo.

Mama amenisikia nikihesabu. Amekuja mpaka mlangoni, akauliza kama nimefika kwenye majani. Nikasema ndiyo, Mama. Akaegemea mlango. Kisha akauliza, polepole, nimeona nini pale.

Nikamwambia upepo.

Nikamsikia akirudi chumbani akipapasa ukuta. Nadhani nimemgusa.